Uwanja wa Beni ya Mwisho

Hapo zamani, tena si zamani ile ya sungura na fisi bali zamani ya treni ya kuni, palikuwa na kijireli kimoja cha pembeni chenye vituo vitatu: Igombwe, Lukwale na Chamwela. Treni ilipita mara mbili kwa wiki, na mara zote mbili ilichelewa. Watu wa miji hiyo walitofautiana kwa kila kitu, ila walikuwa na wazimu mmoja, nao ni beni.

Nyinyi mliozaliwa na spika masikioni hamuijui beni. Beni ilikuwa ngoma ya gwaride. Watu hamsini kwa mistari, kaptula zimepigwa pasi mpaka mkunjo unakata, tarumbeta mbele, ngoma ndogo katikati, ngoma kubwa nyuma. Kila mtu alikuwa na cheo. Huyu Kapteni, yule Sajini, mwingine Jenerali, ingawa Jenerali mwenyewe wiki nzima alikuwa akiuza vitumbua. Kila mwaka, mavuno yakishaingia, beni zote zilikutana katika mji mmoja kushindana. Nikikumbuka ile chokaa tuliyopaka viatu, na namna ilivyotuwasha vidole, moyo unaniuma hata leo.

Mji wa mashindano ulichaguliwa na Kwini, yaani malkia wa beni zote. Wazee walibishana hadi sauti zikawakauka, kisha Kwini alipanda treni, akaenda kuuona uwanja, na akiridhika alifunga kitambaa chake chekundu kwenye nguzo ya goli. Kikishafungwa, hakuna aliyethubutu kukifungua. Na ngoma kubwa ya mashindano, waliyoiita Nguruma, ililala katika mji huo mpaka mashindano yaliyofuata.

Kwini wa mwisho aliitwa Kalunde. Alikuwa mjane wa Kapteni Lugendo, mwanamke mfupi wa miaka sabini na ushei, aliyekaa kwenye makutano, pale kijireli kilipoachana na reli kubwa. Mwaka ninaowasimulia, habari zilifika kwamba kijireli kitang'olewa baada ya mavuno. Bila treni, nani angebeba ngoma na tarumbeta siku tatu porini? Kwa hiyo mashindano hayo yalikuwa ya mwisho, tena safari hii ilibidi yafanyike kabla ya mavuno. Na pale yatakapofanyika, Nguruma italala hapo daima, kwa kuwa hakuna mengine ya kuihamisha.

Jambo hilo lilimnyima Kwini Kalunde raha. Miaka ya nyuma alipochagua vibaya alijiambia, mwakani nitatengeneza. Safari hii hapakuwa na mwakani.

Akamwita Sajini Chibago, aliyeipiga Nguruma tangu Kapteni Lugendo alipofariki.

"Sajini, mgongo wako unaweza safari?"

"Mgongo hauwezi, Kwini. Lakini mgongo haujaulizwa."

Wakaipakia Nguruma, iliyokuwa imeletwa kutoka mji ilikolala, katika behewa la mizigo, wakaondoka.

Wakafika Igombwe. Uwanja wa Igombwe ulikuwa nyuma ya kiwanda cha kuchambulia pamba, mdogo, umeinamia upande mmoja, vumbi tupu. Kiwanda kilikuwa kimefungwa zamani, na watu walikuwa wamehama. Waliobaki walijitokeza. Wazee watano walisimama katika sare zilizowapwaya, na mbele yao Jenerali Kasubi. Kina mama walikuwa wamemwagia uwanja maji kwa madebe ili vumbi lisimtimkie Kwini.

Kwini alipoona yale madebe alisimama. Alikuwa na miaka kumi na saba alipomwaga maji uwanja huo huo, na tone likaruka likachafua soksi nyeupe ya kijana mmoja mpiga ngoma, ndiye Lugendo. Kijana akamwambia, "Utaifua mwenyewe." Akaifua, na hakuacha kuzifua soksi zile miaka arobaini na zaidi. Aliwahi kuona viwanja vizuri zaidi, lakini hakuwahi kuona uwanja aliofurahia kama huo.

Sajini akaishusha ngoma. Akaipiga mara tatu. Mlio ukaenda, mabati ya kiwanda yakaitika polepole.

"Mna nini?" Kwini akauliza, maana ndivyo Kwini alivyouliza siku zote.

Jenerali Kasubi akasema, "Kwini, sisi ndio tuliozaa. Beni ya kwanza ilipigwa hapa. Mti wa ngoma hiyo ulikatwa hapa, kisiki chake kile pale, tunakalia tukivuta tumbaku. Tumebaki watano, hatuwezi kushindana tena. Tutakaa pembeni tuwashangilie wenzetu. Lakini Nguruma imezurura kutosha. Wewe mwenyewe ukichoka husemi, nirudisheni kwetu?"

"Na nyinyi watano mkiondoka, nani ataipiga?"

"Hataipiga mtu," Jenerali akasema. "Itapumzika na sisi."

Kwini akashika kitambaa chake, hakukifunga. Akamwambia Jenerali apande treni, waende pamoja wakamalize safari.

Wakafika Lukwale. Hapo Kwini alishuka taratibu, kama mtu anayeingia nyumba aliyoikosea. Uwanja wa Lukwale ulikuwa uwanja hasa. Ukuta wa matofali pande zote, jukwaa la saruji lenye ngazi saba, paa la bati, mistari ya chokaa. Waliujenga kwa mikono yao miaka saba, kila nyumba ikifyatua matofali, mashindano yaje kwao walau mara moja. Na hayakuwahi kuja.

Kwa nini? Waulizeni Lukwale, watakwambieni. Miaka thelathini nyuma Kwini Kalunde aliwaahidi. Alitoka kwake na kitambaa mkobani, nia yake Lukwale. Lakini treni huanza kusimama Igombwe, na Igombwe ndiko kwa mume wake. Mawifi walimpokea na nyimbo, wakamshika mikono, Kapteni Lugendo naye akamtazama. Kwini akalainika. Akafunga kitambaa Igombwe, na huko Lukwale wali ulikuwa jikoni tayari.

Siku ya mashindano beni ya Lukwale haikwenda Igombwe. Walivaa sare zao, wakaingia uwanjani kwao, wakapiga wenyewe, na wake zao na watoto wao wakapanda lile jukwaa jipya wakawapigia makofi. Baada ya hapo walikuja kushindana kila mwaka kama wengine, lakini hawakuomba tena uwenyeji. Hii ilikuwa mara ya kwanza kuomba tangu siku ile.

Aliyempokea ni Bi Foibe, binti wa marehemu Elkana, fundi aliyesimamia ujenzi. Nyuma yake walisimama wasichana arobaini, kila mmoja na ngoma ndogo kifuani.

Sajini akaishusha ngoma. Akaipiga mara tatu. Ikasikika mara sita, maana kila pigo lilikwenda kwenye ukuta likarudi.

Sajini akacheka. "Kwini, hapa beni itaongozwa na ukuta."

Bi Foibe hakucheka. Alipunga mkono, na kina mama wakatoka wamebeba mikeka, wakaitundika ukuta mzima. "Piga tena, Sajini," akasema. Sajini akapiga mara tatu, na ikasikika mara tatu.

"Nani aliwafundisha hayo?" Kwini akauliza.

"Tulijifunza siku tuliyopiga peke yetu."

Kwini akatazama chini. Kisha akauliza, maana ilikuwa lazima aulize, "Mna nini?"

Bi Foibe akasema, "Kwini, sisi ndio tuliojenga. Katika ngoma hiyo hatuna kitu. Si mti, si ngozi, si kamba. Tuna uwanja, na tuna hawa wasichana wa kuipiga sisi tukishakufa. Na kuna ahadi. Baba yangu aliugua miezi mitatu, na kila treni ilipopiga honi aliuliza kama Kwini ameshuka."

Jenerali Kasubi akadakia, "Tuambie na mwaka wa njaa."

"Sema wewe, Kwini," Bi Foibe akasema.

"Mwaka wa njaa tuliwaomba mtupokee," Kwini akasema. "Maghala yenu yalikuwa na mahindi. Mkatufungia lango."

"Tuliwafungia. Tulikuwa na hasira, na wenye njaa hawakuwa wametukosea. Sikuja kusema sisi ni malaika."

Kwini akashika kitambaa chake, hakukifunga. Akamwambia Bi Foibe naye apande treni.

Wakafika Chamwela, mwisho wa reli. Uwanja haukuonekana. Palikuwa na shamba la uwele lililofika kifuani, na katikati yake nguzo mbili za goli zimechomoza. Bwana Ndahani alitoka katikati ya uwele, jembe begani, mtu mrefu asiye na maneno mengi.

Sajini akaishusha ngoma. Akaipiga mara tatu. Mlio ukadidimia katika udongo laini, haukufika mbali.

Bwana Ndahani akaweka jembe chini, akasogea, akaweka kiganja juu ya ngozi ya ngoma. "Hujambo, Kifimbo," akasema.

Kifimbo alikuwa ng'ombe. Miaka kumi na miwili nyuma, ule mwaka wa njaa, Igombwe walisema hawana chakula, Lukwale walifunga lango, na mashindano yalikuwa yafe. Chamwela, maskini kuliko wote, walisema njooni. Watu mia tatu wakaja, wakala siku mbili. Waliliwa maksai wanne wa plau, mmoja baada ya mwingine. Siku ya kwanza ngozi ya Nguruma ilipasuka, wakaiwamba upya kwa ngozi ya maksai mmoja, ndiye huyo Kifimbo. Siku ya pili, Kapteni Lugendo alishikwa na homa akiwa katikati ya gwaride. Treni iliondoka na wengine, yeye hakuweza kupandishwa. Chamwela walimuuguza siku kumi na moja, wakamzika. Kwini alikuwapo, aliyaona yote, hata uji wa mwisho wa kijiji ukipelekwa kwa mgonjwa.

"Mna nini?" Kwini akauliza.

"Kwini, sisi ndio tuliobeba," Bwana Ndahani akasema. "Msimu uliofuata tulilima kwa mikono, maana plau haikuwa na wa kuivuta. Ndiyo maana uwanja nao tuliulima, ulikuwa karibu na maji. Ukisema ndiyo, kesho tunaufyeka."

"Uwele haujakomaa. Mtakula nini?"

"Tulikula nini mwaka ule?"

Kaburi la Kapteni Lugendo lilikuwa hatua hamsini tu kutoka kwenye nguzo za goli, limefagiliwa. Kwini alilitazama na kutamani kitu kimoja kwa roho yake yote, kwamba Nguruma ilale karibu na aliyeipenda. Na alijua watu watasema nini. Watasema, alifunga kitambaa kwa ajili ya mume wake akiwa hai, sasa amefunga kwa ajili yake akiwa amekufa.

Upande wa pili treni ilikuwa inageuza kichwa ili irudi ilikotoka. Dereva, aliyekuwa mpiga tarumbeta enzi zake, hakupuliza filimbi, akasubiri. Kwini akiondoka bila kufunga kitambaa, Chamwela watakuwa wamejibiwa. Akishapita Lukwale bila kushuka, Lukwale nao watakuwa wamejibiwa, mara ya pili.

"Sajini," akasema, "wewe ungefunga wapi?"

"Mimi mpigaji tu, Kwini. Nionyeshwe pa kusimama, nasimama."

"Umeogopa."

"Sana."

Kwini akawageukia wale watatu. "Igombwe walinipa ujana wangu. Lukwale niliwadhulumu, na wote mnajua. Chamwela walinizikia mume. Kama ningekuwa na miaka mitatu mbele, ningewapa mmoja mmoja, nife nimetulia. Ninao mmoja. Wawili kati yenu nitawaumiza leo, na sitapata siku ya kuwaomba radhi."

Jenerali Kasubi akavua kofia. Bi Foibe akakunja mikono kifuani. Bwana Ndahani alikuwa bado ameiwekea ngoma kiganja.

Kitambaa alikifunga, hilo nawahakikishia, maana mashindano yalifanyika na mimi nilikuwapo, nimepaka viatu chokaa. Uwanja gani, sisemi. Ninyi mliokaa hapa mkitafuna karanga zangu, semeni. Ila msiniletee jibu la harakaharaka. Atakayesema Igombwe, amweleze Bi Foibe kwa nini beni yao ilipigiwa makofi na wake na watoto wao peke yao, na bado si zamu yao. Atakayesema Lukwale, amtazame Ndahani usoni na jembe lake, amwambie kwamba lango lililofungwa wakati wa njaa limelipwa ngoma. Na atakayesema Chamwela, akawaambie wale wazee watano waliovaa sare zao, amwambie na mtoto atakayelala njaa kwa sababu uwele ulifyekwa mbichi ili watu wacheze.

Haya, treni inapuliza. Kwini keshakikunjua kitambaa. Je, ni uwanja upi uliostahili kufungiwa?