Mzee wa Jiwe wa Njia Tatu

Mji wa Zarafani ulikuwa mkononi mwa Sultani Kaharabi, mwenye tembo saba na subira isiyojaa kikombe cha kahawa, na katika mji huo alikaa binti mshona kofia, Raihani, ambaye baba yake mwashi alitoka alfajiri moja kutafuta mawe asirudi, na jua lilipochomoza watu wakakuta kwenye njia tatu mtu wa jiwe amesimama, sura ni yake na kovu la kidevuni ni lake. Mama yake Raihani akaambiwa kuna fundi mwema amemchonga marehemu, naye akaamini mpaka kufa kwake, maana angeamini nini tena?

Miaka kumi na minne ikapita. Kila Idi Raihani alimvisha yule mtu wa jiwe koja la asumini, na mji ukamfanya alama yake: muuza halua akielekeza mteja, mkunga akiitwa kwa mwenye uchungu, huambiwa ukifika kwa Mzee wa Jiwe shika kushoto. Na kila apitaye humwamkia, shikamoo Mzee, huku miguu haisimami.

Basi Sultani akaposa nchi ya mbali, na tembo wa harusi akawa hapiti pale kwa jinsi Mzee alivyobana njia. Ikatoka amri Mzee avunjwe Ijumaa baada ya sala, na Sultani akaja mwenyewe kutazama. Raihani akapiga magoti mbele ya tembo.

"Ewe Maulana, hilo ndilo kaburi pekee la baba yangu."

"Binti, jiwe halina jamaa."

"Kama si mtu, mbona mji mzima unamwamkia?"

Waziri akacheka hata kilemba kikamlegea, na Sultani akasema, "Basi na aitikie. Akiitikia, mimi na tembo wangu tutampisha, na sanduku la dhahabu ni lako."

Raihani akaishika miguu ile baridi ya jiwe. "Shikamoo, baba." Na kwa kuwa ndiyo mara ya mwisho, hakuinuka. Watu wakangoja, wakachoka, wakaanza kumcheka, na mwashi kijana aliyepewa nyundo, Shaibu, akaamriwa apige. Akajibu kwa adabu kwamba mkono wake haumpigi aliyeamkiwa kabla hajaitikia.

Vumbi likadondoka midomoni mwa jiwe.

"Marahaba, mwanangu."

Tembo akakaa kitako. Waziri akazimia juu ya sinia la tambuu, na Raihani akatazama kovu la jiwe likigeuka nyama, na mkono wenye joto ukamgusa utosi. Mzee akasimulia, kama mwenye mchanga kooni, kwamba alfajiri ile jini wa njia tatu alimtolea salamu, naye kwa haraka zake akapita kimya, na jini akamfunga awe jiwe mpaka atokee mtu wa kungoja jibu lake. Kila siku jibu lilimfika kooni, na mwenye kuamkia keshafika sokoni.

Kisha akaugeukia umati. "Na nani aliyekuwa akinifungia mbuzi mguuni?"

Sultani akashuka, akampisha. Raihani akaolewa na Shaibu, na dhahabu ikawajengea nyumba ya ghorofa. Lakini wiki haikuisha watu wa mji wakaanza kupotea njia, mkunga akapelekwa kwa mwenye jino bovu, na Shaibu akaamriwa achonge Mzee mwingine, kovu na yote.

Nanyi wajukuu zangu, mkimwamkia mtu, simameni. Raihani humwamkia baba yake nyumbani, na akifika njia tatu huliamkia na lile jiwe, akangoja kidogo, akasikiliza.