Mtamba wa Bi Nakiete

Hapo zamani, kabla gari halijafika vijiji vya juu vya Usambara, aliishi mzee wa miaka sabini na mbili aitwaye Shekimweri. Dada yake wa pekee, Bi Nakiete, aliishi kileleni mwa mlima, naye maradhi ya miguu yalikuwa yamemfunga nyumbani. Miaka minne ndugu hao hawakuonana, kwa sababu kila Shekimweri alipoanza kupanda mlima kutoka kwake bondeni presha ilimpanda, kichwa kikamgonga, akarudishwa.

Muuguzi wa zahanati, Kaoneka, alimpima akiwa ameketi, akampima tena baada ya kuzunguka uwanja. Akamkataza kupanda mlima. Ameze dawa zake, atembee mwendo mdogo kila asubuhi, na kila Ijumaa aje apimwe kabla na baada ya kutembea.

Mkewe, Bi Hidaya, akachukua kazi ya kutembea naye. Mvua ikinyesha, walitembea. Magoti yake mwenyewe yakimuuma, walitembea.

Jirani yao mjane, Bi Sikudhani, mkandaji stadi, akachukua kazi ya kumkanda shingo, mgongo na vigimbi kabla ya matembezi. Mzee aliinuka pale mwili umelegea, anatabasamu. Tabasamu hilo ndilo lililomchoma Bi Hidaya. Alikaa mlangoni akisikiliza. Akisikia harufu ya mafuta ya nazi kwenye shati la mumewe, chakula hakikumshuka.

Siku moja akamwambia, "Natembea nawe mwaka mzima, hujanichekea hivyo. Chagua, mikono yake au miguu yangu."

Mzee akachukua fimbo yake, akatoka nje. Hilo likamtosha Bi Hidaya. Akampiga marufuku Sikudhani, na kwa hasira yeye mwenyewe akaacha kutembea na mumewe.

Ijumaa ya tatu baada ya hapo, kuzunguka uwanja mara moja tu kuliipandisha presha kama siku ya kwanza. Bi Hidaya akaogopa. Akamuuliza muuguzi kilichokosekana ni mikono au miguu.

"Mama, vyote mliviacha siku moja," Kaoneka akajibu. "Siwezi kujua."

Bi Hidaya akaenda mwenyewe hadi kwa Sikudhani. Wivu haukuwa umeisha, alikuwa nao kooni. "Njoo umkande," akasema. "Nami nitatembea naye."

Miezi mitano baadaye Kaoneka akaruhusu mlima. Wakapanda wote wanne, wakipumzika kila kona, muuguzi akipima. Saa sita mchana wakafika. Kaka na dada wakakumbatiana, wakalia. Kisha Nakiete akamfungua mtamba wake wa pekee, ng'ombe jike ambaye hajazaa bado, akampa Shekimweri kamba. "Mpe aliyekuleta kwangu."

Sikudhani akasema, "Mwili ulikuwa umekaza kama ngozi kavu. Nimeulegeza mimi. Nikafukuzwa kama mwizi, nikarudi bila neno."

Kaoneka akasema kwamba bila kipimo chake wangempandisha mapema, wakamzika.

Bi Hidaya akasema mwisho. "Kila hatua yake nimeitembea. Tena nilimwita mwanamke ninayemwonea wivu aje amshike mume wangu. Nani kati yenu amemeza nilichomeza mimi?"

Sikudhani akamjibu kwa upole kwamba wivu huohuo ndio uliomrudisha mzee nyuma.

Shekimweri akasimama na kamba mkononi, akiwatazama mmoja mmoja, na Bi Hidaya akiangalia macho ya mumewe yanakomea wapi.

Haya, ninyi mlionisikiliza: kamba ile mngeiweka mkononi mwa nani? Je, nani alistahili mtamba?