Kicheko Kilichofutwa Studio

Sogeeni, ila msikae wawiliwawili. Sitaki mnong'onezane jibu. Leo nawaletea kesi.

Korogwe palikuwa na mama mmoja, Bi Nyange, mwenye studio ndogo ya kurekodi nyimbo za wazee. Umri ulikuwa umekwenda, alitaka kuhamia kwa bintiye, na ufunguo wa studio amwachie mmoja wa vijana wake watatu wa kazi. Lakini amwachie nani? Mama huyo alishuku hata kivuli chake. Ukicheka na simu yako, anajua ni yeye unayemcheka.

Kijana wa kwanza, Mhina, alikuwa fundi wa kompyuta. Aliitengeneza mashine ya studio isiandike kipya juu ya cha zamani: ukibadilisha wimbo, mabadiliko yanaandikwa pembeni. Kisha kila jioni aliipiga diski picha, yaani aliihifadhi hali yake yote kama ilivyokuwa siku ile, ili kesho mtu akiharibu, jana iwepo. Bi Nyange alimwona akibofya, akibofya, halafu anafunga. Akajisemea, "Huyu ananificha jambo."

Wa pili, Saumu, kipaji chake kilikuwa tahadhari. "Picha iliyo ndani ya diski ileile si akiba," alimwambia Mhina. "Diski ikifa, vimekufa vyote." Basi akawa anazinakili picha zile kwenye diski ya nje, anakwenda nayo kwao, anaifukia kwenye debe la mahindi. Na amri ya Bi Nyange ilijulikana: kitu cha studio hakitoki studio! Akamwona Saumu anaondoka, kitu kimebenuka chini ya kanga. "Haya, na huyu ananiibia."

Hoza alikuwa na sikio. Yuko mlangoni tu, ameshajua uzi gani wa gita umelegea. Kutwa kavaa hedifoni, kafumba macho, hasemi. Huyo ndiye ambaye Bi Nyange alimwogopa zaidi, maana kimya kingi kina mshindo mkuu.

Sasa, kilichokuwa roho ya Bi Nyange ni wimbo mmoja wa marehemu mama yake. Mwishoni mama anacheka, anasema, "Kidege changu, zima hiyo." Kidege ndiye Bi Nyange. Duniani hakubaki mwingine wa kumwita hivyo.

Siku moja akaamuru nyimbo zote za zamani zisafishwe makelele, na kompyuta ikazisafisha. Baada ya muda diski ikajaa. Bi Nyange akapaza sauti kutoka ukumbini, "Mhina! Futa picha za zamani, zinatujazia!" Mhina akafuta.

Ikafika siku ya kumkumbuka mama. Bi Nyange akavaa hedifoni. Wimbo ukaenda, ukaisha. Kicheko hakuna. Kidege hakuna.

"Nani kamnyamazisha mama yangu? Semeni!"

"Mama, kompyuta ilidhani kicheko ni kelele," Mhina akasema. "Wimbo wenyewe ulikuwamo kwenye picha za zamani. Lakini si uliniambia nizifute?"

"Za harusi! Nilisema picha za maharusi wale waliokuja kurekodi, wewe mtoto!"

"Lo! Mimi nilijua ni hizi zangu, Mama."

Bi Nyange akakaa chini, akalia kama siku ya msiba. Saumu akatoka bila kuaga, akarudi na diski imejaa vumbi la mahindi.

"Kumbe mwizi ni wewe!"

"Sawa, Mama, mwizi. Fungua kwanza."

Saumu naye, nafasi ikiisha, hufuta picha kuukuu. Lakini moja ya kale ilikuwapo bado, ya kabla ya kusafisha.

"Hii mbona hukuifuta?"

Saumu akamtazama Hoza. "Yeye aliniambia nisiiguse. Sababu hakunipa."

Bi Nyange akamgeukia. "Ulijua?"

"Nilisikia kicheko hakipo siku ileile ya kusafisha, Mama."

"Ukanyamaza!"

"Ningesema, ungesema ni mimi."

Wakaufungua wimbo. Mama akaimba, akacheka, akamwita Kidege. Bi Nyange akajifunika uso kwa kanga, na hakuna aliyethubutu kumgusa.

Alipofuta machozi, shaka lake likarudi palepale. Bila Mhina picha isingekuwapo, lakini utii wake ulizifuta. Bila Saumu isingetoka nje, lakini aliyevunja amri leo, kesho atavunja ipi? Bila Hoza ingefutwa na hii ya mwisho, lakini aliyenyamazia hili, lipi jingine amelinyamazia? Na aliyeamuru kusafisha, akaamuru kufuta, chumbani mle hakutajwa na mtu. Mwenyewe alijijua.

Ufunguo bado umefungwa kwenye pindo la kanga yake. Je, wewe ungempa nani? Sema kwa sauti. Ukikaa kimya, nitajua na wewe una lako.