Watu Elfu Tatu Katika Jengo la Ghorofa Mbili

Jumatatu, saa tatu asubuhi, mchumi mmoja wa mkoa alipewa siku tatu za kumaliza makadirio ya ajira. Ni mfano, ndugu zangu, kwa hiyo msihangaike kumtafuta. Mkoa wake haumo kwenye ramani yoyote. Lakini kazi yake ipo, na mtaona kwamba inatuhusu.

Mkoa ulikuwa na fedha za kujenga barabara moja ya lami. Moja tu. Kabla ya kuamua ipite wapi, kamati ilitaka kujua watu watakuwa wanafanya kazi wapi miaka ishirini ijayo: wangapi mashambani, wangapi viwandani, wangapi madukani, wangapi maofisini, kata kwa kata. Sababu ni rahisi. Mtu huamka akaenda kazini, na barabara inapaswa kumfuata. Ukikosea kazi ziko wapi, umekosea barabara, na lami ikishamwagwa haihamishwi.

Mchumi huyo alikuwa mama wa miaka hamsini na kidogo. Wenzake walimwita Mama Takwimu, naye aliitika. Alichukua jalada la makadirio ya mwisho, ya miaka minane nyuma, afanye kama ofisi ilivyozoea: namba ya zamani, izidishe kwa kasi ya ukuaji, piga muhuri. Angemaliza kabla ya chai ya saa nne.

Kalamu yake ikasimama kwenye mstari mmoja. *Viwanda, Kata ya Mjini: ajira 3,140.* Mistari sita chini yake: *Viwanda, Kata ya Ilundwe: 0.*

Alijua kwamba Ilundwe kuna kiwanda cha kufungasha maparachichi. Kila mtu alijua. Paa lake linaonekana kutoka mlima wa pili. Iweje sifuri?

Akatoka kwa miguu kwenda kwenye anwani iliyoandikwa kando ya ile 3,140, yote ya mwajiri mmoja, kampuni ya maparachichi. Alikuta jengo la ghorofa mbili nyuma ya posta, na mlinzi mtu mzima amekaa mlangoni.

"Shikamoo, baba. Kampuni ya maparachichi iko hapa?"

"Marahaba. Iko juu."

"Wafanyakazi wako wangapi?"

"Na mimi ukinihesabu? Thelathini na wanane."

"Karatasi yangu inasema elfu tatu, mia moja na arobaini."

Mlinzi alicheka mpaka akashika ukuta. "Mama, hapa tuna choo kimoja. Hao elfu tatu wanajisaidia wapi?"

Mmeelewa kilichotokea? Fomu ya mkoa ilikuwa na nafasi ya kuandika "anwani ya mwajiri". Kampuni ikaandika anwani ya ofisi yake, kama inavyotakiwa. Ofisi ya mkoa ikawaweka wafanyakazi wote kwenye anwani hiyo, kama ilivyozoea. Hakuna aliyedanganya. Na watu elfu tatu wakahamishiwa kwenye jengo ambalo hawajawahi kulikanyaga.

Jumanne, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Mama Takwimu alisimama kwenye geti la kiwanda Ilundwe akiwa na daftari. Kila aliyeingia alimpigia kijiti kimoja. Vijiti vinne, mkato mmoja, vijiti vinne, mkato mmoja. Watu walikuja kwa miguu, viatu mkononi kwa ajili ya tope. Wengine walikuwa wametembea kilomita kumi na tatu, kwa sababu mabasi hayaji kule. Mabasi hufuata lami.

Mwanamke mmoja alisimama mbele yake akihema.

"Shikamoo, mama. Unaandikisha bima?"

"Marahaba. Hapana, mwanangu. Nahesabu watu tu."

"Basi mimi nipigie viwili," akasema, akajishika tumbo. Lilikuwa la miezi saba.

Wenzake wakacheka. Mmoja akadakia nyuma, "Mpigie vitatu, anavyokula huyo!"

Mama Takwimu naye akacheka. Alipiga kijiti kimoja.

"Kwa nini msikae karibu na kiwanda?" akauliza.

"Nani atanilimia shamba? Sisi hatuna shida na kutembea, mama. Shida ni geti. Saa moja na nusu wanafunga. Ukichelewa dakika mbili, kibarua cha siku hiyo kimekwenda." Akaanza kuondoka, kisha akageuka. "Na lami mnayo. Ile ya njia nne kule mjini, inaishia mlangoni kwa ofisi yetu. Sijui ni nani aliyewaza tunafanya kazi kule. Ukimwona, msalimie."

Mama Takwimu akaendelea kuhesabu. Geti lilipofungwa alikuwa na vijiti elfu mbili, mia tisa na sita. Nje walibaki watu arobaini na mmoja. Walikaa chini kidogo, kisha wakaanza safari ya kurudi.

Alipofika ofisini alifungua jalada lile hadi ukurasa wa mwisho, palipokuwa na jina la mtaalamu aliyetoa makadirio ya miaka minane iliyopita, yale yaliyojenga lami ya njia nne. Saini ilikuwa yake.

Ndugu zangu, ningewauliza mngefanya nini, lakini naogopa majibu.

Mkuu wake wa idara alimpa jibu lake bila kuombwa. Alikuwa anastaafu mwezi uliofuata, na alimpenda. "Zidisha tu, dada yangu. Ukibadilisha namba, swali la kwanza watakalouliza ni ile ya zamani ilitoka wapi. Na kiti changu hiki kinatangazwa wiki mbili zijazo. Wewe ndiye wa kwanza kwenye orodha. Unataka kujichoma mwenyewe?"

"Na wale wa Ilundwe?"

"Watapata kwenye mpango unaofuata."

Mpango unaofuata ulikuwa wa baada ya miaka kumi.

Alhamisi kamati ilikaa. Wajumbe walikuwa tisa. Mama Takwimu aliweka mezani namba mbili: Mjini thelathini na wanane, Ilundwe elfu mbili, mia tisa na arobaini na saba, pamoja na wale waliofungiwa nje. Kisha akaonyesha Ilundwe itakavyokuwa baada ya miaka ishirini ikiwa mashamba ya maparachichi yataendelea kupandwa kama sasa. Ilikuwa zaidi ya elfu saba.

Mhandisi wa barabara alivua miwani. "Ngoja kwanza. Miaka minane iliyopita nilijenga njia nne kwa sababu niliambiwa viwanda viko Mjini. Nani alinipa namba ile?"

Mkuu wa idara alitazama meza.

"Mimi," akasema Mama Takwimu. "Saini ni yangu. Sikwenda kuangalia. Nilipiga hesabu nikiwa nimekaa."

Akasubiri. Alikuwa amejiandaa kwa maneno makali, na alishapanga moyoni atakavyotoka bila kulia.

Aliyesimama alikuwa mjumbe wa idara ya maji. Alikohoa. "Mwenyekiti, naomba niseme. Mimi nilichukua namba ileile nikajenga tangi la watu elfu tatu nyuma ya posta. Ndiyo maana halijawahi kupungua hata robo. Nililiona mwaka wa kwanza. Nikanyamaza."

Ofisa ustawi naye akainua mkono. "Nilifungua kituo cha watoto wa wafanyakazi mlemle mjini. Kina vitanda tisini. Watoto wapo sita, na wawili ni wa mwalimu."

Mtu mmoja akacheka, kisha wote. Walipotulia, mwenyekiti alisema kwa sauti ya chini, "Na mimi ndiye niliyekata utepe. Mara tatu."

Kura zilipigwa saa saba na dakika kumi. Barabara ya Ilundwe ilipata kura tisa kati ya tisa.

Sasa tugeuke tujiangalie sisi. Mwaka fulani tulimwandika jirani kuwa mlevi, na kweli alikuwa akinywa. Tulimwandika shemeji kuwa hana shukrani. Tulimwandika binti mmoja wa kwaya kuwa ameanguka. Hatukudanganya. Tatizo letu ni kwamba kila mwaka tunaichukua namba ileile, tunaizidisha, na tunajenga juu yake. Ni lini mara ya mwisho ulisimama getini kwake ukahesabu upya?

Na tukijua tumekosea, kinachotuzuia ni kipi? Ni saini. Tunaogopa kuulizwa ya zamani ilitoka wapi. Basi sikieni: toba ni kusema "mimi" mbele ya watu tisa, siku ambayo ungeweza kunyamaza na kupewa kiti. Mama yule alidhani neno lile litamwangusha. Likawainua watu watatu waliokaa na makosa yao miaka minane, kila mmoja akidhani yuko peke yake. Katika nyumba yako, katika kikundi chako, nani anangoja wewe useme kwanza?

Ukuu wa idara alipewa mtu mwingine. Greda lilianza kuchimba Septemba. Mwezi wa Mei mwaka uliofuata, saa kumi na mbili na dakika hamsini asubuhi, basi la kwanza la abiria liliingia Ilundwe. Waliteremka watu hamsini na saba.