Programu Iliyostahili Shikamoo

"Mfereji haufi kwa uzee, hufa kwa kukosa wa kuuzibua." Mmemsikia fundi cherehani akimtupia maneno hayo yule mteja aliyeicheka cherehani yake, na sasa mnataka kujua yametoka wapi. Mnadhani ni ya wahenga. Si ya wahenga. Methali hii ilizaliwa mbele ya kompyuta, na mwenyewe aliyeizaa yupo, mzima, anakunywa chai yake bila sukari. Wekeni simu chini niwaeleze ilivyoanza.

Katika skimu ya mpunga ya Lwangilo maji hayawatoshi wakulima wote kwa pamoja, kwa hiyo hugawanywa kwa zamu. Malango sita ya mfereji mkuu hufunguliwa na mota, na mota hupokea amri kutoka kwenye programu moja iitwayo Zamu. Iliandikwa na Mwalimu Ambakisye wa chuo cha umwagiliaji, enzi zile kompyuta ikifunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya sebuleni. Skimu nane ziliitumia. Watunzaji wake walikuwa kumi na mmoja, na walikuwa na desturi moja: ukigusa mstari wa programu, andika chini yake jina lako na sababu. Desturi hiyo waliiita "aliyegusa aseme".

Miaka ikawapunguza. Wengine walistaafu, wengine wakavutwa na kampuni za simu, watatu walizikwa. Skimu saba zikaiacha Zamu. Wakabaki watunzaji wawili: Mwalimu mwenyewe, ambaye macho yalikuwa yamekwisha, na Tupokigwe, karani wa skimu ya Lwangilo, mama wa watoto wanne mwenye stashahada moja na miwani iliyofungwa kwa uzi. Kila Jumamosi Tupokigwe alimpigia simu Mwalimu na kumsomea mistari iliyomsumbua.

"Polepole, binti yangu," Mwalimu angesema. "Hapo kabla ya nukta pana nini?"

Tupokigwe hakuogopa programu kuharibika. Ikiharibika angeitengeneza. Aliogopa kustaafu. Ilikuwa imebaki miaka miwili, na kila alipogeuka nyuma hakumwona wa kumkabidhi.

Ndipo akaja Edgar, mhandisi kijana aliyeletwa pamoja na programu mpya yenye rangi na ramani. Alikuwa na adabu, ila alikuwa na haraka. Alipoiona Zamu, maandishi meupe kwenye kioo cheusi, akacheka.

"Mama, hii kitu imenizidi umri!"

"Basi ipe shikamoo yake," Tupokigwe akamjibu.

Mwenyekiti wa skimu, Mzee Mwakatobe, aliamuru Zamu izimwe Jumatatu na malango yaachiwe programu ya Edgar. Tupokigwe hakubishana. Aliizima. Lakini kila asubuhi alifika, akaiwasha bila kuiunganisha na malango, akaingiza majina ya wakulima waliobadilishana zamu, kisha akaizima tena. Karani mwenzake alimwuliza kwa nini anajisumbua.

"Chombo usichokitumia bado unakiosha," alisema, akafunika kompyuta.

Wakati huo miche ilikuwa vitaluni, ina siku kumi na mbili tu. Mche wa umri huo ni kama mtoto mchanga, hauna akiba tumboni. Jumanne asubuhi wenye zamu walifika na majembe yao saa moja kamili, wakakuta lango limefungwa na mfereji una tope tu. Wakalaumu mto. Jumatano ikawa vilevile. Alhamisi vitalu vikaanza kupasuka nyufa na ncha za miche zikageuka njano. Mvua ilikuwa mbali, mbegu nyingine hazikuwepo, na msimu haumsubiri mtu. Nyumba mia tatu zilitazamana na njaa ya mwaka mzima.

Wakulima wakajaa ofisini. Edgar alikuwa amelowa jasho. Kila alipoitazama programu yake, ilimwonyesha kwamba malango yamefunguliwa ipasavyo.

"Yamefunguliwa saa ngapi?" Tupokigwe akamwuliza.

"Saa moja, Mama. Kama ilivyo kwenye orodha yako. Nimeihamisha yote, sikubadilisha hata nukta."

"Saa moja ya nani?"

Tupokigwe akaiwasha Zamu, akashuka na mistari hadi alipopataka, akamwita asome kwa sauti. Edgar akasoma: "Saa humu ni za Kiswahili. Mkulima wetu haamki saa saba ya Kizungu. Moja ni asubuhi, jua likitoka. Ambakisye."

Kisha Edgar akashika kichwa. Programu yake ilihesabu kuanzia katikati ya usiku. Ile moja ya Mwalimu ilikuwa imeisoma kuwa saa saba za usiku. Siku tatu malango yalikuwa yakifunguka watu wamelala, maji yakapita vitalu vyote bila wa kuyaelekeza na kuishia bondeni kwa vyura.

"Naongeza saa sita tu," Edgar akasema upesi. "Dakika mbili, Mama."

"Ongeza. Halafu soma mstari unaofuata."

Akasoma: "Lango la nne lifunguliwe nusu kwanza, dakika ishirini. Ukingo una ufa. Likizoea kufunguka lote kwa mkupuo, utabomoka. Sekela." Akaendelea kusoma, na kila mstari ulikuwa na mtu wake na sababu yake. Alipofika kwenye maelezo ya pili ya Sekela, mkono wake ulikuwa umeshatoka kwenye kipanya, hana haraka tena ya kuongeza zile saa sita.

Tupokigwe hakusubiri ruhusa. Aliiunganisha Zamu na malango. Majina yote ya wiki yalikuwamo, hata waliobadilishana zamu asubuhi ileile. Lango la nne likafunguka nusu, likangoja, kisha likafunguka lote. Nje mtu akapiga kelele kwamba maji yanakuja.

Mzee Mwakatobe alikohoa. "Lakini, mama, kitu cha zamani namna hii si kitakufa tu?"

"Mwenyekiti, mfereji wetu mkuu una miaka mingapi?"

"Ulichimbwa na baba yangu. Inapita sitini."

"Mbona haujafa?"

"Utakufaje, na kila mwaka tunaingia wote kuuzibua?"

"Umejijibu. Mfereji haufi kwa uzee, hufa kwa kukosa wa kuuzibua. Humu tulikuwa wazibuaji kumi na mmoja. Leo tuko wawili, na mmoja haoni."

Miche ilipona, isipokuwa vitalu vichache vya mwisho, na wenye navyo walisaidiwa na majirani.

Jumamosi Tupokigwe alipompigia Mwalimu, Edgar alikuwa ameketi pembeni yake na daftari.

"Shikamoo, Mwalimu," Edgar akasema kwenye simu.

"Marahaba. Umeisalimu na programu?"

"Nimeisalimu, Mwalimu."

Wiki hiyo Tupokigwe alikuta mstari mpya chini kabisa ya Zamu, umeandikwa kwa kufuata desturi: "Sijagusa kitu. Nasoma kwanza. Edgar." Kisha akavua miwani, akaifuta, akainua simu kumsomea Mwalimu, polepole.

Wakulima nao waliondoka na maneno ya Tupokigwe, wakayapeleka mashambani, sokoni, na kwa mafundi cherehani. Ndivyo yalivyowafikia ninyi: mfereji haufi kwa uzee, hufa kwa kukosa wa kuuzibua.