Pembe ya Shamba la Mghoi

Hapo zamani, wadudu walipokuwa bado wanaruhusiwa kusema barazani, palikuwa na mjane mmoja milimani, mwenye watoto wadogo, jina lake Mghoi. Aliachiwa shamba moja la maboga, na gugu la kutambaa likalifunika gubigubi.

Shemeji yake, Mwakio, akamwambia mbele ya wazee, "Shemeji, shamba hili lisipotoa boga msimu huu, nalichukua." Wazee wakakubali. Mghoi akang'oa gugu, likarudi. Akang'oa, likarudi.

Ndipo akaja nyigu-msumeno, kijidudu cheusi chenye msumeno mkiani. Akapasua majani ya gugu, akataga humo. Watoto wake wakala jani kwa ndani, wakaacha ngozi tupu. Gugu likanyauka, jua likapenya, maboga yakatoa maua.

Yakachanua, yakadondoka. Yakachanua, yakadondoka. Mwakio akaanza kulipima shamba kwa hatua, huku akipiga mluzi.

Ndipo akatoka nyuki mpweke, asiye na malkia wala mzinga. Alikuwa akiishi kwenye tundu la ukuta wa nyumba ambao Mghoi hakuukandika, hata majirani wakamcheka mama huyo kwa uvivu wake. Akachukua vumbi la maua ya kiume, akalipeleka kwa maua ya kike, ua baada ya ua.

Lo, maboga! Siku ya hukumu wazee walikosa pa kukanyaga. Vigelegele vikapigwa mpaka bonde la pili, na Mwakio, jamani, akabebeshwa boga kubwa kuliko yote alipeleke barazani kwa kichwa chake. Nafurahi kila ninapolisimulia hilo!

Mghoi akasema, "Pembe moja ya shamba sitailima maisha yangu yote. Ni ya aliyeniokoa."

Nyuki akasema, "Nipe mimi, mama, niwe na maua yangu. Yako yakidondoka mwakani, utamwita nani?"

Nyigu akasema, "Nipe mimi, mama, unibakizie gugu langu. Likitambaa tena mwakani, utamwita nani?"

"Gugu lako litayaziba maua yangu!"

"Na gugu likimalizwa, wanangu watakula nini?"

Mghoi akawauliza, "Semeni kweli. Mlifanya kwa ajili yangu?"

Wakatazamana. "Hapana, mama. Tulikuwa tunalisha watoto wetu."

Mghoi akacheka sana. "Hata mimi," akasema, akashika jembe.

Haya, nyinyi mnaotafuna boga langu hapa! Mvua imekaribia, jembe liko juu, na pembe ni moja tu. Je, nani alistahili?