Pimbi na Kadi ya Siku Arobaini

Hapo zamani za kale, binadamu hajajua hata kushika chaki, wanyama tayari walikuwa na chuo kikuu. Msicheke. Kilikuwa na madarasa, kengele, na mkuu wa chuo aliyeitwa Bi Korongo, mwenye miguu mirefu na subira ndogo.

Katika chuo hicho alisoma Pimbi. Mnamjua Pimbi, yule mdogo wa majabalini, mnenemnene, asiye na mkia. Alikuwa mwaka wa mwisho, na kitu alichokitaka ni kimoja tu: alama za heshima. Hakuzitaka ili ajidai. Kwao majabalini hakukuwa na shule. Watoto wa kina pimbi walivuka vilima vitatu kwenda kusoma, na mwaka uliopita Tai alinyakua wawili njiani. Sheria ilisema anayehitimu na alama za heshima, huyo peke yake ndiye anayeruhusiwa kufungua shule kwao.

"Mama, nitazipata," alimwambia mama yake siku aliyofunga mzigo. "Nisipozipata sirudi."

"Zipate, mwanangu," mama akajibu. "Lakini rudi."

Sasa, alama zenyewe hazikugawiwa kama njugu. Kwanza, uwatumikie wanakijiji siku arobaini. Kila jioni, yule uliyemtumikia huchovya mguu kwenye tope akakanyaga kadi yako, kap, hiyo ni siku moja. Pili, uandike utafiti juu ya kazi hiyo na kuusoma mbele ya baraza, tangu neno la kwanza hadi la mwisho, bila kuruka. Na kazi ilifanywa kwa vikundi vya watatu watatu.

Hapo ndipo balaa lilipoanzia. Pimbi akapangwa na Kiboko na Nyati.

Kijiji walichopewa kilikuwa cha kina Kanga. Mwenyekiti wake, Bi Kanga, mama wa vifaranga kumi na wawili, akawapeleka kwenye chemchemi yao. Maji yalikuwa yanatoka kwenye tundu la mwamba, to, to, to, kwa kusitasita.

"Natega mtungi alfajiri, unajaa jioni," alisema Bi Kanga. "Na hawa wanangu wanataka kunywa wote kwa pamoja."

Kiboko akachungulia tundu. "Pimbi, humu unaenea wewe," akasema, akaenda kulala kivulini. Nyati akalala pembeni yake.

Pimbi akaingia. Ndani kulikuwa na njia nyembamba, na mizizi imejazana mpaka maji hayana pa kupita. Akaanza kuikata kwa meno, kwaru, kwaru, kwaru. Kila asubuhi alihesabu kata za maji zilizotoka, akaandika. Kila jioni Bi Kanga alimkanyagia kadi. Siku ya ishirini mvua ilimnyeshea mpaka akatetemeka. Siku ya thelathini jino lilimuuma, akatafuna kwa upande mmoja. Kuna jioni alilia, siwafichi, halafu akafuta machozi akaenda kuhesabu kata zake. Hakukosa hata siku moja.

Siku ya arobaini, shaaa, maji yakamwagika mpaka vifaranga wakaogelea.

Ndipo Kiboko na Nyati walipoamka. Wakaenda kwa Bi Kanga na kadi zao safi kabisa.

"Mama, tukanyagie zote," alisema Kiboko.

Bi Kanga akaitazama miguu yao. Akawatazama vifaranga wake waliokuwa wanacheza katikati ya miguu hiyo. Akakanyaga. Kap kap kap, arobaini huku, arobaini kule, bila hata kupumzika.

Kisha wakamfuata Pimbi.

"Mdogo wetu," alisema Kiboko, "utafiti umekwisha?"

"Bado kurasa mbili, kaka."

"Ukimaliza tuletee. Jina lako tumeliondoa. Majina yetu ni makubwa, hayaachi nafasi kwenye jalada."

"Na ukienda kusema kwa Bi Korongo," Nyati akaongeza, "nitakuja kukalia mlango wa nyumba ya mama yako. Nikikaa huwa sinyanyuki upesi."

Akilini Pimbi aliwaona wale watoto wa kwao wakipanda vilima, macho yao juu angani wakimtafuta Tai. Angekwenda kushtaki, nani angemwamini? Kadi zao zilijaa kama yake. Akawatazama, na akiwatazama akagundua jambo. Siku zote arobaini, hawa mabwana hawakuwahi kusoma hata ukurasa mmoja wa alichokiandika.

Akainamisha kichwa. "Sawa, kaka zangu. Nitaandika vizuri. Nyie kazi yenu ni kusoma tu."

"Umemwona," Nyati akamwambia mwenzake, "mtoto ana adabu."

Pimbi akaandika zile kurasa mbili. Hakuandika uongo hata nusu neno. Alipomaliza akawapelekea, kisha akaenda kwa Bi Kanga, akamnong'oneza, "Mama, leo jaza mitungi yako yote. Kesho asubuhi nitaiziba chemchemi kidogo, na mchana itafunguka." Bi Kanga akamtazama, akatabasamu, akaita wanawe wote wakateke maji.

Kesho yake baraza likakaa pale pale penye chemchemi, maana desturi ilikuwa utafiti usomwe mahali ulipofanyika. Kiboko akasimama na kitabu kizuri, jina lake juu, la Nyati chini. Akakohoa.

"Mimi, mtafiti," akasoma, "niliingia kila siku katika tundu la mwamba lenye upana wa..." Akasita. "Wa mdomo wa mtungi."

Mnyama mmoja nyuma akaficha kicheko kwa kukohoa.

"Endelea," alisema Bi Korongo. "Bila kuruka."

"Nililala kifudifudi, nikatambaa. Kwa kuwa mimi sina mkia, sikukwama popote."

Mkia wa Kiboko ukapiga pa, pa, pale nyuma, kila mtu akauona. Jasho likaanza kumtoka. Nyati akaona mwenzake anazama, akataka kumwokoa.

"Ni kweli, mkuu," akasema. "Mimi mwenyewe nilikuwa nyuma yake."

"Humo ndani ya tundu?"

"Ndani kabisa."

Bi Korongo akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Malizia, Kiboko."

Kiboko akafungua ukurasa wa mwisho, akausoma kwa sauti inayofifia. "Leo asubuhi nimeiziba chemchemi kwa tita la nyasi. Sasa nitaingia kuizibua mbele ya baraza, kama nilivyofanya siku zote arobaini."

"Vizuri sana," alisema Bi Korongo. "Ingia."

Angefanya nini? Akaingiza pua. Akaingiza kichwa. Hapo akakwama, haendi mbele, harudi nyuma. Nyati akamsukuma kwa paji la uso, ndu, ndu, na kila akisukuma ndiyo kwanza anazidi kumkaza.

Pimbi akanyoosha mkono. "Mkuu, naomba ruhusa nimsaidie mtafiti."

Akaruhusiwa. Juu ya mwamba kulikuwa na ufa ambao yeye peke yake aliujua. Akazama humo, mara kimya, mara kwaru, kwaru, akaling'oa lile tita. Maji yakaja kwa nguvu, yakamsukuma Kiboko usoni, puuu, akachomoka akamwangukia Nyati, wote wawili chubwi kwenye tope. Pimbi akatokea kwenye tundu, amelowa, ana tita la nyasi mdomoni.

Bi Korongo akaomba kadi zote tatu. Akaziweka juani.

"Kadi hizi mbili tope lake ni moja, rangi moja, limekauka siku moja," akasema. "Ya Pimbi ina tope jekundu, jeusi, na hapa siku ya ishirini limechanganyika na mvua. Bi Kanga, hizi mbili ulizikanyaga lini?"

Bi Kanga akaitazama tena ile miguu mikubwa. Safari hii ilikuwa imezama kwenye tope, na vifaranga wake wako nyuma yake.

"Jana," akasema, "kabla ya chakula cha mchana. Waliniwekea miguu karibu na wanangu."

Basi Bi Korongo akafuta yale majina mawili kwenye jalada, akaandika moja fupi, na lilienea vizuri tu. Akachovya mguu wake mrefu kwenye tope, akakanyaga kadi ya Pimbi katikati, kap: alama za heshima amezipata.

Pimbi akarudi kwao kama mama yake alivyotaka. Akafungua shule ndani ya pango, na tangu siku hiyo Tai anazunguka juu ya vile vilima haoni mtoto hata mmoja.

Na Kiboko na Nyati? Wakapewa kadi mpya na mitungi ya kumbebea Bi Kanga maji. Jioni ya kwanza walimletea kadi, migongo inawauma, Bi Kanga akakanyaga taratibu.

"Moja," akasema. "Zimebaki thelathini na tisa."

Hadithi yangu naiacha hapo hapo chemchemini, nyie ondokeni na hili: karatasi ya kazi yako mtu anaweza kukuibia, lakini kazi uliyoifanya kwa mikono yako hawezi.